Kuiongoza Seva ya Dar ukiwa Jambiani

Nyumba za wageni ninazozihudumia hapa Jambiani haziweki daftari la vyumba kijijini. Limo ndani ya seva iliyoko Dar es Salaam. Wenye nyumba hawajasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme unaotoka bara kwa waya wa chini ya bahari ulipokatika na Unguja ikakaa kizani karibu miezi 3. Hawataki mashine hiyo chini ya kaunta yao. Kazi yangu ni kuifikia nikiwa Kibigija, hapa hapa Jambiani, na chombo changu ni ssh.

Programu hii ilianza mwaka 1995. Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, aliiandika baada ya wadukuzi kunasa nywila kwenye mtandao wa chuo chake. Enzi hizo watu walitumia telnet, iliyopeleka nywila wazi, yeyote aliye njiani akazisoma. Ssh husimba kila kinachopita. Toleo la bure, OpenSSH, lilitoka 1999, na leo limo katika Linux, Mac na Windows.

Kwenye dirisha la amri unaandika ssh, kisha jina lako na jina la mashine. Katikati unaweza kuongeza machaguo, kila moja likianza na kistari. Herufi kubwa na ndogo hazifanyi kazi moja: -v inakueleza kila hatua ya safari, -V inakutajia toleo la programu tu. Chaguo -p hutaja mlango wa kuingilia iwapo si ule wa kawaida, namba 22. Anayetumia PuTTY, iliyoandikwa na Mwingereza Simon Tatham, ataandika -P.

Ninalolithamini zaidi ni -o ServerAliveInterval=30. Wengi wetu huku tunatumia intaneti ya simu, na mitambo ya mitandao ya simu hukata muunganisho uliokaa kimya. Unasoma faili kwa utulivu, ukigusa kitufe, dirisha limeganda. Kwa chaguo hili, kila ukimya ukifika sekunde 30, ssh huiuliza seva kama bado ipo. Maulizo 3 yakipita bila jibu, inafunga yenyewe, nawe unajua uanze upya.

Muunganisho ukikataa kabisa, ongeza -v na usome kwa makini. Maelezo yakikomea kabla ya kuifikia seva, chunguza intaneti yako au namba ya mlango. Yakifika hadi kwenye funguo, yaani faili zinazokutambulisha kwa seva badala ya nywila, ndipo yakakataa, tatizo ni utambulisho wako: huenda umetumia faili la ufunguo lisilo la seva hiyo, na -i ndiyo ya kulitaja lililo sahihi. Kusoma mistari hiyo kunakuokoa na kubahatisha usiku kucha.

Lipo chaguo moja ninalowakataza vijana wanaojifunza kwangu: StrictHostKeyChecking=no. Unapoingia kwenye seva kwa mara ya kwanza, ssh hukuonyesha alama yake ya utambulisho na kukuuliza kama unaikubali. Mpigie simu anayeitunza, mlinganishe herufi kwa herufi. Siku alama ikibadilika, ssh itasimama na kukuonya kwa sauti kubwa. Pengine seva imeundwa upya, au pengine kuna mtu kwenye waifai unayotumia anayejifanya seva yako. Chaguo lile hupokea mashine mpya bila kukuuliza. Ukiipa nywila mashine ya tapeli, umemkabidhi vyumba, majina ya wageni na namba zao za simu. Watu hulinakili ili swali lisiwasumbue, ilhali swali hilo ndilo linalomlinda mgeni aliyetuamini.

Ukishayaelewa machaguo yako, yaandike katika faili ~/.ssh/config: jina fupi la seva (mimi naiita vyumba), anwani, mlango na ufunguo wake. Baada ya hapo ssh vyumba inatosha. Na kabla ya kunakili chaguo lolote ulilotumiwa na rafiki, andika man ssh, au man ssh_config kwa machaguo ya -o, ulitafute humo na usome linafanya nini. Seva ya watu ni amana, na amana haiendeshwi kwa amri usiyoijua maana.