Urubani: mambo ya kujua kabla hujatuma pesa ya fomu

Baada ya kikao cha vijana katika makazi ya Lobule, wilaya ya Koboko, kijana mmoja alinionyesha ujumbe aliotumiwa kwa WhatsApp. Ulikuwa na picha ya ndege ndogo yenye bawa la kitambaa, na maneno haya: jifunze urubani kwa miezi mitatu, ajira ipo, wakimbizi wanakaribishwa, tuma shilingi 150,000 za fomu kwa namba hii. Wenzake wawili walikuwa wameshatuma. Yeye alitaka kujua kama awahi kabla nafasi hazijaisha.

Nilimwambia asitume. Lakini swali lake lilikuwa la maana. Ndege si kitu kigeni huku kwetu. Uwanja wa Arua unapokea ndege za abiria na za mashirika ya misaada, na shirika la MAF hurusha ndege ndogo za injini moja kutoka Kajjansi, karibu na Kampala, kuja West Nile. Waliotoka Sudan Kusini wameona ndege za WFP zikidondosha magunia ya chakula. Mtoto aliyekua akiyaona hayo lazima siku moja aulize rubani anasomea wapi.

Tatizo la ujumbe ule ni kwamba ulichanganya mambo mawili tofauti: kurusha ndege kwa kujifurahisha, na kurusha ndege kama kazi.

Ndege ya kwenye picha ni ile nyepesi sana ambayo wengi huiita ultralaiti. Bawa lake ni kitambaa kigumu kilichotandazwa juu ya mabomba ya alumini. Chini yake kuna kiti kimoja au viwili, na injini ndogo iko nyuma ya mgongo wa rubani. Haina usukani. Rubani hushika fimbo iliyounganishwa na bawa: akiivuta kwake, pua inashuka na mwendo unaongezeka, akiisukuma mbele, pua inapanda na mwendo unapungua. Akitaka kukata kona, anahamishia uzito upande anaotaka kwenda. Nyingi hutumia petroli ya kawaida ya magari. Marekani, ikiwa na kiti kimoja na uzito usiofika kilo 115, haihitaji hata leseni. Nchi nyingi nyingine hudai mafunzo na leseni, ila saa za mafunzo ni chache, na mwanafunzi mwepesi wa kushika anaweza kumaliza kwa miezi michache.

Kwa hiyo ile "miezi mitatu" ina ukweli kidogo ndani yake, na hapo ndipo watu wananaswa. Leseni ya kujifurahisha haikuruhusu kulipwa kwa kubeba abiria au mizigo. Huu ni mchezo wa watu wenye pesa ya kutumia mwisho wa wiki. Kenya, klabu ya Aero Club of East Africa iko tangu mwaka 1927, na wanachama wa klabu za namna hiyo hulipia mafuta kutoka mfukoni mwao. Hakuna anayewaajiri kwa ajili hiyo.

Wengine huniuliza kama ndege hiyo inaweza kurushwa Koboko. Hesabu ni rahisi. Ndege inayokwenda kilomita 90 kwa saa inamaliza kilomita 15 kwa dakika 10. Koboko inapakana na Kongo na Sudan Kusini, na Arua iko karibu na mpaka wa Kongo. Ukipotea njia kidogo, uko nchi nyingine bila kibali. Ndiyo maana safari za anga zinahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda, UCAA, hata kama ndege ni ndogo kama bodaboda yenye mabawa. Halafu kuna hali ya hewa. Arua iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa Januari hewa ikipata joto inakuwa nyepesi: bawa linabeba kidogo, injini inapoteza nguvu, ndege inahitaji njia ndefu zaidi ili ipae. Wakati huohuo moshi wa nyasi zinazochomwa unaficha upeo wa macho. Marubani wa ndege hizi hupenda alfajiri kwa sababu hiyo.

Na tusisahau waliopo chini. Wazee waliotoka Yei wanakumbuka mabomu ya Antonov. Mama mmoja Rhino Camp aliniambia mpaka leo akisikia injini ikipita chini chini, anahesabu watoto kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi. Anayetaka kulipwa anahitaji leseni ya rubani wa biashara. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya kwanza, ya binafsi, inadai umri wa miaka 17 na kiasi cha saa 40 angani. Ya biashara inadai miaka 18 na saa 200, au 150 kama umesoma kozi nzima katika shule iliyoidhinishwa. Gharama yake hufika makumi ya maelfu ya dola. Unahitaji Kiingereza cha kuzungumza vizuri kwenye redio, na hisabati na fizikia. Anza na daktari wa anga anayetambuliwa na UCAA, kabla ya ada yoyote, kwa sababu tatizo la moyo, kifafa au kutotofautisha rangi linaweza kufunga mlango. Miwani peke yake haizuii.

Shule zinazojulikana Uganda haziko Arua wala Koboko. Chuo cha serikali kiko Soroti, kilianzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza. Shule binafsi ziko Kajjansi. Soroti hufundisha pia ufundi wa ndege, na kwa maoni yangu vijana wengi wangeanza kuulizia huko.

Ukipata shule, iulize UCAA kama imeidhinishwa. Nenda uzione ndege kwa macho yako. Lipa benki na uchukue risiti, tena kwa awamu, usilipie saa zote mara moja. Mkimbizi anayehamia mji mwingine kusoma aijulishe kwanza ofisi ya OPM ya makazi yake, asije akakosa uhakiki. Ufadhili wa DAFI unalipia shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Anayekuambia utakulipia urubani wa miezi mitatu anakudanganya. Na hakuna fomu ya UNHCR, OPM au shirika mshirika inayouzwa.

Kama umeshatuma pesa, usifute ujumbe. Hifadhi namba iliyopokea na ujumbe wa muamala, ripoti kwa kampuni ya simu siku hiyohiyo, kisha nenda kituo cha polisi. Mkimbizi anaweza pia kupiga simu ya bure 0800 323232. Wale vijana wawili wa Lobule walikuwa wameshafuta kila kitu kwa aibu.