Nyumba Salama na Hesabu ya Desemba

Nyumba salama ni mahali anapohifadhiwa kwa muda mtu aliyekimbia ukatili kwao. Ina vitanda vya ghorofa kama bweni, na wengi wanaolala humo ni watoto, lakini si bweni wala si makao ya watoto. Makao humlea mtoto mpaka akue. Nyumba salama humpokea usiku huu, na kesho asubuhi afisa ustawi wa jamii anaanza kuuliza atarudi wapi, lini, na mikononi mwa nani.

Wazo lenyewe si la zamani. Huko Chiswick, London, Erin Pizzey alifungua kimbilio la wanawake waliopigwa na waume zao mwaka 1971. Narok, Kenya, Agnes Pareyio alianzisha kituo cha Tasaru mwaka 2002 kwa wasichana wa Kimaasai waliokuwa wakikimbia ukeketaji. Katika nchi ya Wakurya upande wa Tanzania, kituo cha Masanga wilayani Tarime, kinachohusiana na Kanisa Katoliki, kimepokea wasichana msimu baada ya msimu. Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, ilipata nyumba yake mwaka 2014 chini ya uongozi wa Rhobi Samwelly, ambaye baadaye aliunda shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania na kufungua nyumba ya pili Butiama.

Haja yake inaonekana kwenye takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa mkoa wa Mara, ziliko Tarime na Serengeti, wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 10. Ule wa 2022 ulionyesha Mara imeshuka hadi asilimia 28 na taifa asilimia 8. Mkoa umeshuka, ila polepole.

Atakayepanga vituo vya miaka ijayo, iwe kwa kata ya mjini kama Nkende, katika Halmashauri ya Mji wa Tarime, au kwa vijiji vya mbali, asianze na ramani ya jengo. Aanze na kalenda. Kwa desturi, koo nyingi za Kikurya hukeketa mwezi Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili. Wazee wa mila ndio wanaotoa ruhusa, kila ukoo kwa wakati wake, kwa hiyo msimu hauji kwa kila mtu siku moja. Hata hivyo umbo lake linajulikana: mwaka mmoja kituo kina wasichana wachache wanaojifunza cherehani kwa utulivu, mwaka unaofuata magodoro yanatandikwa hadi kwenye korido.

Hapo ndipo bajeti ya serikali inapokwama. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Desemba 2026 imo ndani ya mwaka wa fedha 2026/27, ambao makisio yake huandaliwa mwishoni mwa 2025 na mwanzoni mwa 2026. Afisa anayekadiria kwa kuangalia matumizi ya mwaka uliopita anakuta Desemba tulivu, anaongeza asilimia chache, anafunga faili. Miezi kumi na moja baadaye wasichana wanabisha hodi. Namba ya kuangalia ni ya Desemba ya miaka miwili kabla. Kosa ni dogo kwenye karatasi, na hulipwa kwa sufuria.

Sufuria yenyewe inahesabika. Kituo kilichopokea wasichana 200 kwa siku 40, kila mmoja akila nusu kilo ya unga wa mahindi kwa siku, kinahitaji tani 4 za unga. Maharage ya gramu 150 kwa siku yanafika kilo 1,200. Maji ya lita 20 kwa kila mmoja ni lita 4,000 kila siku, yaani simtanki la lita 5,000 linakaribia kukauka kabla ya kulala. Na wengi hawaji na kitu. Aliyetoroka usiku anafika na ndala, kanga moja, pengine sare ya shule ndani ya mfuko. Sare hiyo ni habari njema kwa mpokeaji: mwenyewe ameshaamua kwamba Januari anarudi darasani. Taulo za kike, sabuni na nguo za ndani husahaulika kwenye orodha nyingi za manunuzi, labda kwa sababu orodha hizo huandikwa na wanaume.

Mahali pa kujenga pana mvutano wake. Mjini kuna polisi wenye Dawati la Jinsia na Watoto, kuna hospitali na stendi; lakini msichana wa kijijini hawezi kutembea usiku kucha kufika huko. Kwa hiyo nyumba kubwa ya mjini inahitaji matawi madogo: mwalimu, mtendaji wa kijiji au mama mmoja anayeaminika, mwenye simu na namba ya kupiga. Serengeti walikwenda mbali zaidi. Kwa kushirikiana na Crowd2Map, mradi ulioanza mwaka 2015 wa kuchora vijiji vya Tanzania katika ramani huria ya OpenStreetMap, waokoaji walipata njia na vitongoji ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote waliyoweza kuifungua.

Mpaka nao unaingia kwenye mpango. Wakurya wako pande zote mbili za Sirari, mji wa mpakani kati ya Tanzania na Kenya, na msichana anaweza kuvushwa asubuhi na kurudishwa jioni. Sheria ya Kenya ya 2011 inakataza ukeketaji kwa umri wote. Ya Tanzania, iliyoingizwa mwaka 1998 katika Kanuni ya Adhabu, inamlinda aliye chini ya miaka 18, kwa kifungo cha miaka mitano hadi kumi na mitano. Aliyetimiza 18 na bado anashinikizwa na wakwe anahitaji kitanda kama mwingine yeyote, lakini kituo kilichojipanga kwa ajili ya watoto tu hakina pa kumweka.

Kuondoka ndiko kugumu kuliko kupokea. Msimu ukipita, wazazi huitwa. Kikao hukaa na afisa ustawi wa jamii, polisi wa dawati na viongozi wa kijiji. Mzazi anatia saini kwamba hatamkeketa binti wala kumwoza, na baada ya hapo anatembelewa nyumbani. Wengi hurudi. Wachache hawawezi, kwa sababu baba ameshapokea ng'ombe wa mahari, au ameapa kwamba binti huyo si wake tena. Hao wachache, wakiongezeka kila msimu, ndio wanaojaza nyumba polepole hadi siku moja haina nafasi ya Desemba. Wanahitaji makazi ya aina nyingine: bweni la shule, familia ya kuaminika, au chumba cha kupanga mjini kwa aliyemaliza ufundi, kikilipiwa kodi ya miezi ya mwanzo. Chumba hicho ni nafuu kuliko kitanda cha kituo, lakini ni mara chache kinapata kifungu chake katika bajeti.

Kundi jingine linalohitaji makazi salama ni la akina mama wazee wasio na wa kuwatunza. Wakurya walikuwa na jibu lao, nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari na kuoa msichana, watoto wa msichana huyo wakahesabiwa wa mji wake, ardhi ikabaki na uzee ukapata wa kuuchotea maji. Kama mpango wa malezi ulifanya kazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 haiutambui, na mara nyingi msichana anayeolewa hivyo anatoka kwenye umaskini, kwa hiyo ulinzi wa mmoja unaweza kuwa mtego wa mwingine. Serikali ina makazi ya wazee, mojawapo Nyabange mkoani Mara, kwa wasio na ndugu kabisa. Mjane wa Nkende mwenye shamba na kaburi la mume wake nyuma ya nyumba hahitaji kuhamishwa: anahitaji bati jipya, choo chenye mahali pa kushika, na mtu wa kupita kila Jumatatu kuuliza kama ameamka.