Kuiona Ngoma ya Gishora kwa Macho

Chukua bakuli, livike mpira wa puto lililokatwa mpaka mpira ukaze kama ngozi ya ngoma, kisha nyunyiza chumvi juu yake. Sogeza mdomo wako karibu na uimbe "uuu" kwa sauti nene, halafu ipandishe polepole. Chumvi itarukaruka, na sauti ikifika mahali fulani, chumvi itajipanga mistari, kana kwamba kuna mkono unaoichora. Mjerumani Ernst Chladni alichapisha mwaka 1787 michoro kama hiyo ya mchanga aliyoipata kwa kupitisha upinde wa fidla kwenye ukingo wa bamba. Kila ninapolirudia jaribio hili hushangaa upya, maana sauti, kitu tunachokiachia masikio, inakubali kuonekana.

Leo jaribio la ukoo huohuo linaweza kufanyika ndani ya kivinjari cha simu. Mwaka 2009 Google ilianzisha Chrome Experiments, mkusanyo wa majaribio ya watengenezaji waliokuwa wakicheza na uwezo mpya wa kurasa za mtandao: picha zinazomfuata mguso wa kidole, maumbo yanayozunguka, muziki unaotungwa papo hapo. Mwaka 2016 ikaja Chrome Music Lab, ambamo mtoto huimba na kuiona sauti yake ikipita kwenye skrini kwa rangi. Ni michezo, ndiyo. Lakini ni michezo inayofundisha fizikia bila kumtisha mtu, na nadhani hakuna mahali inapostahili kufika zaidi kuliko Gitega, nchini Burundi, kwa sababu Gitega ina ngoma.

Gishora, kilomita chache kutoka mjini, ndiko patakatifu pa ngoma panapohusishwa na Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo. Ngoma huchongwa kutoka gogo la mti ambao Warundi wameupa jina la umuvugangoma, mti unaoisemesha ngoma, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mbao. Katikati hukaa Inkiranya, ngoma inayoongoza. Amashako hushika mdundo usiokatika, na ibishikizo hufuata kile Inkiranya inachoamuru. UNESCO iliingiza ngoma hii ya kifalme pamoja na uchezaji wake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2014. Amri ya rais ya Oktoba 2017 imewaachia wanaume peke yao kuipiga. Binti wa Gitega anayetaka kujua kwa nini ngoma hulia inavyolia anaweza kuanzia kwenye skrini, na swali lake lina uzito uleule wa swali la kaka yake.

Kwa nini basi ngoma hailii kama inanga, ala ya nyuzi ya Warundi? Uzi wa inanga ukitetema mara 100 kwa sekunde, hubeba pia mitetemo ya mara 200, 300, 400, na kuendelea. Hesabu hizi zinapatana, ndiyo maana sikio husikia noti moja safi. Ngozi ya duara haina utiifu huo. Ikiwa mtetemo wake wa kwanza ni 100, unaofuata ni karibu 159, kisha 214, kisha 230. Hewa iliyo ndani ya gogo huzisogeza hesabu hizi, lakini hazigeuki ngazi iliyonyooka. Kwenye picha ya sauti, inanga huonekana kama mistari iliyopangwa kwa nafasi sawa. Ngoma huonekana kama wingu zito chini, lenye kingo zilizochanika. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hili saa nzima ubaoni. Picha hulionyesha mara moja.

Picha hiyo hupatikanaje? Maikrofoni ya simu hupima msukumo wa hewa, aghalabu mara 48,000 kwa sekunde. Kivinjari huchukua vipimo hivyo kwa mafungu, tuseme 2,048 kwa fungu, na kuuliza: humu kuna mitetemo gani, na kila mmoja una nguvu kiasi gani? Hesabu ya kulijibu swali hilo kwa haraka ilitangazwa na James Cooley na John Tukey mwaka 1965. Leo imo ndani ya kivinjari, tayari kuitwa kwa mistari michache ya JavaScript. Jibu hugeuzwa rangi, rangi huchorwa, na kazi nzima hurudiwa hata mara 60 kwa sekunde.

Hapa pana fundo ambalo mtengenezaji hana budi kulijua. Fungu la vipimo 2,048 huchukua takriban sehemu 43 za elfu za sekunde, na hutenganisha mitetemo kwa hatua za mara 23 hivi kwa sekunde. Ukitaka kutenganisha mitetemo iliyokaribiana zaidi, chukua fungu la 8,192: sasa hatua ni 6, lakini fungu moja limekula sehemu 171 za elfu. Wapigaji wa Gishora hawasubiri muda huo. Mapigo mawili yatadumbukia katika fungu moja na picha itayachanganya. Kwa hiyo anayetafuta mdundo hutumia fungu fupi, na anayetafuta noti hutumia refu. Hakuna simu ghali itakayokuondolea uchaguzi huu, kwa kuwa unatoka kwenye maumbile ya mawimbi yenyewe.

Nikifikiria nani angefaidika kwanza na sauti inayoonekana, mawazo yangu huenda kaskazini mashariki, Muyinga. Huko kuna maktaba iliyokamilika mwaka 2012, iliyobuniwa na BC Architects wa Ubelgiji wakishirikiana na shirika la huko la ODEDIM, kama sehemu ya kwanza ya shule jumuishi ya watoto viziwi. Kuta zake ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa, paa ni la vigae, na juu ya chumba cha watoto umetandazwa wavu wa kamba za katani ambamo hujilaza wakisoma. Jengo linalowaza hivyo juu ya mwili wa mtoto linastahili ngoma inayowaza hivyo pia.

Jaribio ninaloliwazia kwa watoto hawa ni dogo. Maduara matatu kwenye skrini: moja la Inkiranya, moja la amashako, moja la ibishikizo. Kila duara huvimba pigo linapotua, na simu hutetema mkononi. Kivinjari cha Chrome kwenye Android huruhusu ukurasa kuitetemesha simu; iPhone haziruhusu. Tena mtetemo huo una mipaka: unaweza kuuamuru uanze na ukome, huwezi kuuamuru uwe mzito au mwepesi. Kwa uzito, ni afadhali kuunganisha simu na spika, kuilaza spika juu ya benchi la mbao, na mtoto aweke viganja vyake hapo. Evelyn Glennie wa Uskoti, mpigaji ngoma mashuhuri ambaye ni kiziwi tangu utotoni, hupiga peku ili mdundo umfikie kupitia sakafu.

Ukurasa wa namna hii unaweza kuwa faili moja tu, nyepesi kuliko picha ya simu, inayotumwa kwa Bluetooth na kufunguka bila intaneti. Jaribio linalotumia maikrofoni lina sharti lake: kivinjari hutaka anwani salama, ile inayoanza na https, na ruhusa ya mwenye simu. Ukurasa ukifunguka ukawa kimya, usidhani umeharibika. Vivinjari vya leo huzuia sauti mpaka mtu aguse skrini, hivyo weka duara kubwa katikati, liandike kwa Kirundi na Kiswahili, na uache kidole cha mtoto kipige pigo la kwanza.