Shelfu ya juu yaweza kuokoa mahindi yaliyo stoo

Wafanyabiashara wengi wadogo wa nafaka katika maeneo ya pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Tegeta na Bunju, hutumia chumba kimoja cha nyumba wanayoishi kuwa stoo. Humo hukaa magunia ya mahindi, ndoo, mizani, magunia matupu, katoni za sabuni na hata vyombo vya familia. Nafasi ikibana, magunia husukumwa hadi ukutani na mengine kulazwa kwenye sakafu tupu.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Sakafu ya saruji hupitisha unyevu kutoka ardhini, na gunia linalogusa ukuta halipati hewa. Mahindi yakipata unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo suala hili si la mtaji peke yake bali pia ni la uhai wa mlaji.

Nyumba za maeneo haya hazina vyumba vya chini ya ardhi, na mvua kubwa, kama zile za Desemba 2011 zilizosababisha mafuriko jijini, huonyesha jinsi kuweka mali chini kulivyo hatari. Nafasi iliyobaki ni ya juu. Wazee vijijini waliijua siri hiyo, kwani walihifadhi mahindi kwenye uchaga juu ya moshi wa jiko.

Hata hivyo, chumba cha mjini si jiko la kijijini. Joto chini ya bati ni kali, na gunia la kilo 100 likianguka kutoka juu laweza kuua mtu. Kinachofaa kwenda juu si mahindi, bali ni vitu vyepesi vinavyoyanyima mahindi nafasi.

Vipimo vya chumba

Chukua mfano wa chumba cha mita 3 kwa 3. Ukiacha nusu mita kila upande, hubaki mita 2 kwa 2 katikati. Hapo, juu ya chaga za mbao zilizoinuliwa sentimita 15, magunia 20 ya kilo 100 yanaenea kwa kupangwa safu nne. Nafasi inayobaki pembeni humwezesha mwenye mali kupita, kufagia na kuona dalili za panya au wadudu mapema.

Shelfu ijengwe juu ya njia hiyo, kando ya ukuta mmoja, kwa urefu wa mita 2.4 na upana wa nusu mita, ikiwa mita 2 kutoka sakafuni. Isimamishwe juu ya nguzo sita, tatu mbele na tatu nyuma, kisha ifungwe ukutani kwa skrubu ili isipinduke. Isining'inizwe kwenye kenchi za paa wala kwenye mbao za dari, kwani hizo hazikukusudiwa kubeba mzigo. Mbao ziwe zimetiwa dawa ya mchwa. Uzito usizidi kilo 150, na pawepo ngazi imara.

Shelfu peke yake haitoshi

Mahindi mabichi yataharibika hata stoo ikiwa nzuri kiasi gani. Kiwango kinachotakiwa ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na kipimo achukue chupa kavu ya kioo, ajaze mahindi hadi theluthi, aongeze vijiko viwili vya chumvi kavu, atikise na kusubiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudishwe juani. Isipoganda, bado kuanika kidogo zaidi ni salama.

Aidha, dumuzi, mdudu aliyeonekana kwanza nchini mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, hazuiliwi na chaga. Mifuko isiyopitisha hewa humuua bila dawa, alimradi panya wasiitoboe. Ndiyo maana nafasi ya kupita na kukagua ni muhimu.

Je, gharama inalipa? Kwenye magunia 20, upotevu wa kilo 10 katika kila gunia ni kilo 200, yaani magunia mawili kamili. Kabla ya kusema mbao ni ghali, mfanyabiashara aulize bei ya magunia mawili sokoni Tandale mwezi Februari, kisha aulize bei ya mbao na ufundi. Hasara ya magunia hurudi kila msimu, ilhali mbao hununuliwa mara moja na kutumika kwa miaka.