Mishiri ya Sikukuu: Kitoweo cha Sufuria Moja

Msimu wa sikukuu ukifika, jamaa wengi hurudi nyumbani kutoka Mombasa, Nairobi na kwingineko. Katika maboma mengi ya Salaita, kando ya barabara ya Voi kuelekea Taveta, sahani ya siku hiyo hujaa wali, chapati na nyama, huku mboga ikiachwa nyuma. Anayekosa zaidi ni mzee mwenye kisukari au presha, ambaye anahitaji mboga kuliko wote mezani.

Mishiri hutatua jambo hilo bila gharama kubwa. Hupikwa kwa sufuria moja, maji kidogo na takriban robo saa ya moto, nyama inapopumzika kando.

Mishiri ni maharagwe yanayochumwa machanga, kabla ya mbegu kujaa. Sokoni, chagua ya kijani kibichi isiyo na madoa. Ukiikunja, ivunjike kwa mlio. Ikipinda tu, imekaa siku nyingi. Asiyepata mishiri anaweza kutumia maganda machanga ya kunde, zao linalostahimili ukame wa nyanda za chini.

Mahitaji ya watu sita

• Mishiri nusu kilo
• Kitunguu 1, karoti 1 na punje 2 za saumu
• Mafuta ya kupikia vijiko 2 vikubwa
• Chumvi nusu kijiko cha chai
• Maji robo tatu ya kikombe
• Ndimu nusu

Jinsi ya kupika

1. Osha mishiri ikiwa mizima, kisha kata ncha na uigawe vipande viwili. Ukiosha baada ya kukata, baadhi ya vitamini hupotea majini. Maji ya kuoshea yamwagilie bustani.
2. Chemsha maji yenye chumvi, tia mishiri na ufunike kwa dakika 8 hadi 10.
3. Funua, acha maji yakauke. Usiyamwage, kwani yamebeba virutubisho.
4. Tia mafuta, kitunguu, saumu na karoti. Koroga kwa dakika 4.
5. Epua, kisha kamulia ndimu. Ikitiwa mapema, ukali wake hufifisha rangi ya kijani.

Kitoweo hiki huendana na wali, ugali au kimanga. Kwa ajili ya wenye presha, usiongeze viungo vya pakiti vyenye chumvi nyingi.

Tahadhari

Maharagwe mabichi yana kemikali iitwayo lektini, inayoweza kusababisha kutapika na kuharisha. Moto huiharibu, hivyo watoto wasitafune mishiri ambayo haijapikwa.

Wakulima wanaonyunyiza dawa wanakumbushwa kusubiri siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa kabla ya kuchuma, hata kama bei ya sikukuu inavutia. Kuosha hupunguza masalia ya dawa, lakini hakuyaondoi yote.

Wageni wakichelewa, osha na ukate mboga mapema lakini uipike wanapowasili. Katika joto la Desemba, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kilichobaki kihifadhiwe kwenye friji. Pasipo na friji, kipikwe cha kutosha mlo mmoja tu.