Kolera: kwa nini maji matupu hayatoshi, lazima sukari na chumvi

Katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini, Tanganyika na Haut-Lomami, kolera inarudi karibu kila mwaka, hasa kwa wakaaji wa pembezoni mwa maziwa. Mgonjwa asiyetunzwa anaweza kufa ndani ya saa chache kwa kupoteza maji. Lakini dawa ya kwanza ni rahisi: maji safi, sukari na chumvi. Kwa nini sukari? Jibu liko ndani ya utumbo.

Utumbo mdogo umefunikwa kwa ndani na safu moja ya seli zilizosimama bega kwa bega. Kila seli ina pande mbili zisizofanana: upande wa juu unatazama chakula, upande wa chini unatazama damu. Seli inatambua chini ni wapi kwa sababu imekaa juu ya tandiko jembamba la proteini, kama vile laminini, na inalishika kwa vishikizo vinavyoitwa integrini. Karibu na upande wa juu, seli jirani zimeshonana, ili milango ya juu isihamie chini, wala ya chini isipande juu.

Mikrobi ya kolera haibomoi ukuta huo. Inabaki upande wa juu na kutoa sumu. Sumu ikiingia ndani ya seli, inalazimisha mlango mmoja wa chumvi ulioko juu ubaki wazi. Chumvi inatoka, maji yanaifuata, na mgonjwa anaharisha maji yanayofanana na yaliyooshea mchele.

Hata hivyo, mlango mwingine wa upande huohuo unaendelea kufanya kazi. Huo unapitisha glukozi na sodiamu kwa pamoja. Kisha pampu iliyoko pande za chini inasukuma sodiamu kuelekea damu, na maji yanafuata. Mwanasayansi Robert Crane alieleza jambo hilo mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, mganga Dilip Mahalanabis alilitumia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India, serumu ya mshipani ilipopungua. Vifo vilishuka kutoka karibu wagonjwa 30 kwa 100 hadi chini ya 4.

Goma inajua uzito wa jambo hilo. Mwaka 1994, karibu wakimbizi 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kolera na kuhara damu.

Nyumbani, pakiti ya chumvi za kunywa ndiyo bora. Ikikosekana, kipimo ni hiki: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Chumvi ikizidi ni hatari. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya. Aliyelegea ama asiyeweza kunywa anahitaji serumu bila kuchelewa.