Sokwe wa Mahale na Mti wa Dawa

Ukipanda gari moshi kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma, unafuata kwa sehemu kubwa safari ile ile ya wapagazi wa Kinyamwezi katika karne ya 19: pwani hadi Tabora, na Tabora hadi Ujiji. Ukiisha kuipita Tabora, macho yako huzoea miombo, miti iliyoachana ambayo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Si rahisi kudhani kwamba kusini ya Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, uko msitu wa namna nyingine kabisa.

Huo ni msitu wa milima ya Mahale, ambayo kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462. Milima hii hukinga upepo wenye unyevu utokao ziwani, ndiyo maana mabonde yake ya magharibi hubaki ya kijani. Humo huishi chui, mbega wekundu na sokwe mtu. Hakuna barabara ndani yake. Mgeni hutembea kwa miguu.

Watafiti kutoka Japani walianza kuwachunguza sokwe hao mwaka 1965, na mwaka 1985 mahali hapo pakawa Hifadhi ya Taifa. Miaka miwili baadaye lilitokea jambo la kustaajabisha. Sokwe jike aliyeitwa Chausiku alikuwa mgonjwa, amelegea, hana hamu ya chakula. Mtafiti Michael Huffman na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mjuzi wa mitishamba, walimwona akivunja tawi la mti mchungu, akalimenya gome, akayaacha majani, kisha akatafuna kiini chake na kutema makapi kama mtu alaye muwa. Alasiri ya siku ya pili alikuwa amepata nguvu.

Kalunde aliutambua mti huo mara moja. Ni mjonso, ambao Watongwe huutumia kutibu homa na maradhi ya tumbo. Katika tukio jingine, mayai ya minyoo katika choo cha sokwe aliyetafuna mti huo yalipungua kutoka 130 hadi 15 kwa kila gramu, kwa muda wa saa 20 tu. Lakini usiige bila mwalimu: sokwe huyaacha majani na gome kwa sababu humo mna sumu kali.

Basi, bila mzee wa Kitongwe, wataalamu wangeona mnyama anayetafuna kijiti tu. Nasi tukumbuke kwamba sokwe wengi wa magharibi ya nchi yetu huishi nje ya hifadhi, katika miombo na misitu ya mabondeni inayofyekwa kwa mashamba na mkaa. Ukienda likizo kwenu, msomaji, mchukue mwanao kwa babu yake, amfundishe majina ya miti ingali imesimama.